Neno Moja Kwenye Barua ya Mzee Oduor

Siku hiyo naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Huku kwetu Kapseret, ukungu wa mwezi wa nane hushuka mpaka chini kwenye nyasi, na ng'ombe wakiwa malishoni unawasikia tu, huwaoni. Nilikuwa nimesimama katika uwanja wa jirani yetu, Mzee Oduor, nimeshika barua iliyoandikwa kwa Kiingereza, na watu saba au wanane walikuwa wakinitazama mdomo wakingoja nitasema nini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne na ninangoja kuitwa chuo cha ualimu, na upande wetu wote hakukuwa na msichana mwingine aliyesoma hadi hapo. Kwa hivyo barua zote zililetwa kwangu. Barua za shule, barua za hospitali, barua za watoto waliokuwa kazini Nairobi. Nilizisoma zote nikiwa nimesimama, hata nikipewa kiti, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba mtu akisoma amesimama watu hunyamaza zaidi. Ninakuambia hili ili ujue nilikuwa msichana wa namna gani. Sikuwa mbaya. Nilikuwa tu ninapenda sana ule unyamavu.

Mzee Oduor hakuzaliwa hapa. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaja kufanya kazi Eldoret katika kiwanda cha nguo, kutengeneza mashine zikiharibika. Alipokaribia kustaafu alinunua kipande cha shamba karibu na boma letu, yeye na mkewe Mama Drusila, na nyumba yao waliijenga wenyewe. Mzee alisimamisha nguzo na kufunga fito. Mama Drusila alikandika udongo kwa mikono yake, ukuta baada ya ukuta, kisha wakapaka saruji juu na kuezeka mabati. Wakati huo Mama Drusila alikuwa bado anaona. Macho yake yaliondoka polepole baadaye, kama taa inayoishiwa mafuta, na nilipofika umri wa kutumwa kupeleka maziwa kwao alikuwa haoni kabisa.

Lakini ndani ya nyumba ile, mwanangu, usingejua. Nilikuwa nikiingia na kumkuta anatembea kutoka jikoni hadi sebuleni na sufuria ya chai mkononi, hagusi ukuta, hapapasi, anapita katikati ya viti kama maji yanayojua njia. Alimimina chai akisikiliza kikombe, na sauti ikibadilika alijua kimejaa. Mvua ikianza, aliniambia imeanzia upande gani wa paa. Siku nyingine nilikaa tu kwenye kigoda nikimtazama, maziwa nimesahau kuyatoa kwenye mkebe, naona kama nyumba yenyewe ndiyo inayomshika mkono. Mpaka leo, nikifumba macho mchana nikiwa nimechoka, ninamwona akipita hivyo katika mwanga wa dirisha, na moshi wa kuni unamfuata nyuma.

Mwaka ule mvua ilinyesha sana. Maji yalituama nyuma ya nyumba yao, na ukuta wa chumba cha kulala ukapata ufa mrefu kutoka chini hadi dirishani. Mzee Oduor aliogopa. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akilala akisikiliza ukuta, kwa sababu yeye angeweza kukimbia lakini mkewe angekimbilia wapi? Basi akaenda mjini mwenyewe, kwenye ofisi ya afya, akaomba wamtume mtu aje kuangalia. Akaja kijana mmoja aliyevaa gambuti, zile buti za mpira, mpole, hasemi sana. Alizunguka nyumba mara mbili, akagonga kuta, akaandika, akaaga. Alisema majibu yataletwa kwa barua. Baada ya majuma mawili barua ikafika, na ndiyo hiyo niliyokuwa nimeishika katika ule ukungu.

Ilikuwa fupi. Mstari wa kwanza ulikuwa wa salamu na tarehe ya ziara. Mstari wa pili ulisema nyumba imekaguliwa na imeonekana kuwa "inhabitable". Mstari wa tatu ulisema mwenye nyumba achimbe mtaro nyuma ili maji yasituame, na aufunge ule ufa kwa saruji.

Lile neno sikuwa nimewahi kuliona. Lakini nilikuwa najua "habitable", kwamba ni mahali panapofaa kuishiwa na watu, na mwalimu wangu alikuwa amenifundisha kwamba ukiweka "in" mbele ya neno la Kiingereza unaligeuza. "Correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi. "Complete" imekamilika, "incomplete" haijakamilika. Nilipiga hesabu hiyo kichwani haraka, watu wakinitazama, nikainua macho nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba serikali imesema nyumba hii haifai binadamu kuishi ndani.

Kisha baba yangu akauliza ule mstari wa mwisho unasemaje. Nikausoma kimoyomoyo, na hapo, mwanangu, nilisita. Kwa nini mtu aambiwe achimbe mtaro na kuziba ufa kwa nyumba ambayo hatakiwi kuishi ndani? Swali lilikuja wazi kabisa. Nililiona. Shule ya msingi haikuwa mbali, ni mwendo wa nusu saa tu, na mwalimu mkuu alikuwa na kamusi kubwa juu ya meza yake, niliijua. Ningesema tu, ngojeni niende nikaulize. Lakini watu walikuwa wamesimama, na nilikuwa nimeshasema, na kurudi nyuma kungeonekana vipi? Nikasema mstari wa mwisho ni mambo ya maji tu, ya kawaida.

Mama Drusila alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo. Aliniita kwa jina.

"Jebet, imeandikwa hivyo kweli?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Imeandikwa hivyo."

Hawakukaa hata juma moja. Mtoto wao wa pekee, Joram, alikuwa na lori la kusafirisha mahindi, anaishi Turbo. Alikuja nalo. Wakabeba vitanda na viti, kisha wakapanda juu ya paa na kung'oa mabati, kwa sababu hakuna anayeacha mabati mazuri juu ya nyumba iliyokataliwa. Wakatoa milango na madirisha pia. Mama Drusila alizunguka ndani mara ya mwisho, akipitisha kiganja chake ukutani chumba kwa chumba, na Mzee alimfuata nyuma bila kumharakisha. Alipotoka alinitafuta kwa mikono, akanishika mabega, akaniombea. Alimshukuru Mungu kwa kunipa elimu ya kuokoa maisha yao. Nilipokea maombi hayo na kichwa changu nimekiinamisha, nikaona nastahili.

Mwezi uliofuata niliitwa chuoni. Siku moja, darasani, tulipewa habari ya kusoma kuhusu kisiwa fulani. Mwalimu alituita mmoja mmoja tusome kwa sauti na kueleza maana. Zamu yangu ilipofika nikakutana na sentensi iliyosema kisiwa kile ni "inhabitable", na kwa sababu hiyo familia nyingi zimeishi hapo tangu zamani. Nikasoma, nikanyamaza. Mwalimu akaniuliza kama nimekwama. Nikamwambia kitabu kimekosea. Akasema kwa upole kwamba kitabu hakijakosea, kwamba "habitable" na "inhabitable" ni kitu kimoja, zote mbili ni mahali panapofaa kuishi watu, na kwamba kinyume chake ni "uninhabitable". Akaandika maneno hayo ubaoni kwa chaki. Wenzangu wakayanakili, wakaendelea na habari yao ya kisiwa.

Mimi sikusikia tena kitu siku hiyo. Mchana nilienda maktaba nikafungua kamusi, kisha nikafungua nyingine, nikitumaini zitagombana. Zilikubaliana.

Nilikaa na jambo hilo hadi tukafunga chuo mwezi wa kumi na mbili. Sikumwambia mtu. Niliporudi nyumbani nilipita kwa Mzee Oduor kabla ya kupita kwetu. Nyumba ya udongo isiyo na paa haivumilii mvua, mwanangu. Saruji ilikuwa imebanduka, na kuta alizozikandika Mama Drusila zilikuwa zimeshuka, zimekuwa vilima vidogo vyekundu, majani yameanza kuota juu yake. Nguzo chache zilikuwa bado zimesimama. Nilisimama pale ilipokuwa sebule. Upepo ulikuwa unatikisa mikaratusi ya boma letu, na kwa muda mfupi nilisikia kikombe kikijaa. Nilijua sijasikia kitu. Lakini nililia.

Nilimwambia mama yangu jioni hiyo, tukikamua. Hakuacha kukamua. Aliniuliza kama nimewaambia wenyewe, nikasema bado, naye akasema basi kesho nisiamkie kazi, niende Turbo.

Kwa Joram ilikuwa nyumba ya kupanga, ya mawe, imara, karibu na barabara ya kwenda Webuye. Malori yalikuwa yanapita bila kukoma, na ukiongea ulilazimika kungoja lipite ndipo umalize. Mama Drusila alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya mlango. Alikuwa amekonda. Kutoka kwenye kiti chake kulikuwa na kamba ya katani iliyofungwa, ikapita kwenye msumari ukutani, ikaenda mpaka choo cha nje. Hiyo ndiyo njia yake. Kelele za malori zilikuwa zimemfunga masikio, hakuweza kujua aliko, na mara ya kwanza alipojaribu kutembea mwenyewe alianguka akavunja kifundo cha mkono. Kilipona kikiwa kimepinda. Alinitambua kwa hatua kabla sijasema, akafurahi, akaanza kuuliza habari za watu wa Kapseret mmoja mmoja.

Mzee Oduor akatoka ndani, akaniona uso wangu, akavuta kiti. Nikawaambia wote wawili. Nilianza mwisho nikaenda mwanzo, nikachanganya, lakini niliwaambia kwamba lile neno nililisoma vibaya, kwamba barua ilisema nyumba inafaa, na kwamba walihama kwa sababu ya kosa langu.

Mzee aliinuka. Aliingia ndani, akarudi na Biblia, akaitoa ile barua katikati ya kurasa na kunipa. Akasema niisome yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili, nikiwa nimeketi. Nikaisoma. Nilipofika mstari wa mtaro aliinua mkono.

"Siku ile ulipofika hapo, ulifikiria nini?"

Lori lilipita. Tukangoja.

"Nilijiuliza kwa nini wanataka mtaro," nikasema.

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza, Mzee."

Aliitazama mikono yake kwa muda. Alikuwa na mikono mikubwa ya mtu wa mashine.

"Neno hata mimi singelijua," akasema. "Kwa neno sikukasirikii. Kule kiwandani tulikuwa na sheria moja tu. Mashine ikitoa sauti usiyoijua, unaizima, unaita mwenzako. Kuna kijana aliisikia sauti, akaona haya kuita, akaendelea. Vidole vyake viwili vilibaki pale. Wewe uliisikia sauti, Jebet. Uliisikia vizuri kabisa."

Afadhali angenipigia kelele, ingekuwa rahisi zaidi. Kisha Mama Drusila akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa hivyo nyumba yangu haikuwa mbaya?"

"Haikuwa mbaya, Mama. Ilikuwa inafaa. Ilitaka mtaro tu."

Akafunika uso wake kwa ule mkono uliopinda. Nilidhani nimemuumiza tena, lakini Mzee alinionyesha kwa ishara nimwache. Baadaye ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile, kwenye kile kiti, alikuwa akiamini kwamba kuta alizokandika yeye nusura zimuue mumewe. Alikuwa akijiuliza ni wapi mikono yake ilikosea. Msichana aliyesoma alikuwa amemwambia hivyo, naye hakuwa na macho ya kuangalia mwenyewe.

Mzee aliniomba jambo moja tu. Alisema watarudi, na siku ya kuanza kujenga niwe pale, niwaambie majirani wote niliyomwambia yeye. Nilikubali, na sikulala vizuri mpaka siku hiyo ilipofika.

Walirudi mwezi wa kwanza, kiangazi, na mabati yale yale juu ya lori la Joram. Baba yangu alikata nguzo kutoka kwa miti yake ya miwati, wala hakuniangalia alipokuwa akizikata, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijisifu kila mahali kuhusu Kiingereza changu. Majirani walikuja na majembe. Nikasimama mbele yao, wale wale, nikasema. Mama mmoja alicheka kidogo. Mwanamume mmoja alisema yeye tangu mwanzo alishuku, jambo ambalo halikuwa kweli. Wengine walinitazama tu, kisha wakashika majembe, kwa sababu jua lilikuwa linapanda na mtaro ulikuwa haujachimbwa. Ndiyo kazi ya kwanza tuliyoifanya, ule mtaro.

Likizo yote, na likizo iliyofuata, nilikandika udongo katika nyumba ile. Mama Drusila alikaa kwenye kigoda akituongoza. Alitaka kila kitu kikae pale pale. Alipima vyumba kwa nyayo zake akishikiliwa na Mzee, hatua saba hapa, hatua nne pale, na tulipokosea alijua, tukabomoa. Lakini mwanangu, nyumba ikishaanguka haijengwi ile ile. Siku aliyoingia tulisimama nje wote. Alitembea sebuleni vizuri, akageuka jikoni, kisha tukasikia bega lake likigonga mwimo wa mlango. Akasimama. Akapapasa ule mwimo juu hadi chini.

"Huu si ule," akasema. Kisha akaongeza, "Haidhuru. Tutazoeana."

Walizoeana, lakini hakurudia tena kutembea kama zamani. Miaka minne aliyoishi humo, nilikuwa nikimwona akinyoosha vidole viwili mbele yake anapokaribia mlango ule. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuweza kuitengeneza, na nimeibeba mpaka leo, ingawa yeye hakunikumbusha hata siku moja.

Watu wa hapa waliacha kuniletea barua. Kwa mwaka mzima walizipeleka kwa mchungaji. Kisha asubuhi moja akaja mama mmoja kutoka ng'ambo ya barabara na karatasi ya hospitali ya mtoto wake. Niliketi, nikasoma. Kulikuwa na neno moja la dawa nisilolijua. Nikamwambia hili silijui, niachie hadi mchana, nikatembea mpaka kwa daktari wa zahanati nikauliza, nikamrudishia jibu. Nilikuwa na hofu atanidharau. Juma lililofuata alikuja na dada yake, na dada yake alikuwa na barua mbili.

Nimefundisha shule miaka mingi tangu hapo, na sasa nimestaafu, ninafuga ng'ombe watatu, na ndege za kiwanja cha ndege cha hapa kwetu hupita juu ya paa langu zikiwa zimebeba watu waliosoma kuliko mimi. Wewe pia umesoma kuliko mimi. Una simu mfukoni yenye kamusi zote za dunia. Lakini simu haitakuuliza kama una hakika. Swali hilo litakuja lenyewe, dogo, mbele za watu, wakati umeshaanza kusema, na utakuwa na nafasi fupi sana ya kulisikiliza.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikuletea jambo lake ulieleze, jua kwamba amekuletea pia nyumba yake na watu waliomo ndani. Usiongeze neno usilolijua kwa kukisia. Ukisikia ndani yako kitu hakikai sawa, simama, useme sijui, ngojeni nikaulize. Hakuna anayekufa kwa kusema hivyo. Na kama umeshakosea, usingoje likizo kama nilivyongoja mimi. Nenda siku hiyo hiyo, keti chini na uwaambie wenyewe, kisha uwaambie waliokusikia, na ubaki hapo ufanye kazi ya kutengeneza, hata kama haitatengenezeka yote.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kuuliza, na akuzungushie watu watakaokujibu bila kukucheka. Akulinde na sifa zinazokuja mapema. Ukikosea, na utakosea, akukutanishe na wazee wa aina ya wale wawili. Nenda vizuri, mwanangu.